Kiboksi cha Kijani

Nyumbani, mezani jikoni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kitinda Mimba,

Salamu tele. Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnagombana? Huku hatujambo, na safari hii nasema hatujambo kwa moyo mweupe.

Unamjua kaka yetu, Mzee wa Kesho. Alipoona damu chooni akasema ataenda hospitali kesho, na kesho yake ikazaa miezi. Niliogopa sana. Baba alianza hivyohivyo, na tulipomfikisha kwa daktari maji yalikwisha kumwagika.

Aliyemweza ni binti yangu, Jicho, yule aliyekuwa akimwokotea bibi sindano sakafuni. Sasa ni daktari wa matumbo. Mjomba mtu akawaka: "Nivuliwe nguo na mtoto niliyembeba mgongoni?" Jicho akamjibu: "Ulinibeba, Mjomba, leo zamu yangu. Geukia ukuta."

Wanapitisha mpira mwembamba wenye kamera mpaka utumbo mpana, picha zinaonekana kwenye skrini. Siku hizi wana pia kompyuta ya akili mnemba. Ikishuku kitu, inakizungushia kiboksi cha kijani. Kaka alikuwa macho. Kiboksi cha kwanza kilipotokea akaanza kutubu dhambi zake. Jicho akasogeza kamera, akacheka: mbegu ya nyanya! Alikatazwa vyakula vyenye mbegu, naye akaiba kachumbari. Tumbo lake mwenyewe likamchongea.

Cha pili kikawaka kando ya mkunjo wa utumbo, kikazimika. Jicho hakukipuuza. Alirudi polepole, akaosha pale, akakuta kinyama bapa, rangi moja na utumbo. Anakiri kwamba peke yake huenda angekipita. Akakikata palepale. Maabara wamesema si saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka.

Kaka anasimulia haya hata tukiwa mezani, hatuli kwa raha. Mimi najivuna, wala sioni haya. Nimezaa mtoto asiyeona aibu kusaidiwa na mashine, wala asiyeiamini kibubusa.

Sasa wewe. Damu yetu ni moja, na umri umekufikia. Usisubiri dalili. Nenda ukapimwe.

Msalimie wifi na wanangu. Jicho anakuamkia. Mungu awafunike nyote kwa afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua.

Kaka ameisoma hii. Anataka niongeze neno moja tu kutoka kwa Mzee wa Kesho: leo.