Mama, ulikuwa ukiyageuza kwa wema?

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Leo asubuhi nimeacha kugeuza mayai ya kuku, kama ulivyonifundisha: siku tatu za mwisho hayaguswi, yanaachwa yatulie mpaka yapasuke. Nilikuwa nafunika sanduku lako la kutotolea ndipo swali la zamani likanirudia, nikashindwa hata kunywa chai. Ulipokuwa ukiyageuza mayai ya nyoka wangu, ulikuwa unanisaidia au ulikuwa unayaua?

Usikasirike. Unajua mimi ni mtu wa kuandika kila kitu na tarehe yake, nawe ulizoea kunitania, "Mama Upendo, wewe ni mkwe au ni askari?" Lakini jambo hili sikuwahi kuliandika, kwa sababu sikujua niliandike vipi.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Mwanao alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na pale Moshono kila nyumba ilikuwa na mradi wake: huyu maandazi, yule mitumba, jirani ng'ombe mmoja wa maziwa. Wewe ulishuka kutoka Machame na kuku wako na sanduku la mbao la kutotolea. Mimi mradi wangu ulikuwa nyoka wawili wa kahawia wasio na sumu, dume na jike, niliopewa na mfugaji mmoja wa Themi niliyemfanyia ukarani. Alikuwa akiuza nje, kwa kibali, nyoka wa kufugwa majumbani, akaniahidi kwamba atanunua watoto wote nitakaowatotoa, mradi wawe wamezaliwa kizimbani na si wa kuokota porini. Karo ya Upendo ilikuwa inategemea mayai yale, nawe ulilijua hilo.

Siku ya kwanza ulipowaona kwenye sanduku la kioo ulisimama mlangoni na mkoba wako mkononi.

"Hawa wanakula nini?"

"Panya, Mama."

"Na panya wakiisha?"

Tangu siku hiyo ulianza kuhesabu mayai ya kuku wako kwa sauti, nikiwa nasikia. Likipungua moja ulinitazama mimi, kisha ukakitazama chumba cha nyoka. "Naona yule mrefu ameshiba leo," ulisema mara moja mbele ya mama mchungaji, naye akaweka kikombe chini. Nilikueleza kwamba nyoka wa aina ile hali mayai. Ulijibu, "Ni yeye aliyekuambia?"

Kandili ya kutia joto ilikuwa moja, kwa hiyo mayai yetu yalilala stoo moja. Ya kwako yalikuwa kwenye sanduku karibu na taa. Ya kwangu yalikuwa rafu ya juu penye joto la wastani, ndani ya bakuli la plastiki, yamezikwa nusu kwenye chembe za mawe mepesi zinazoshika unyevu. Mfugaji alinionya: yai la nyoka likishatagwa haligeuzwi. Mtoto hujishikiza ndani ya ganda upande mmoja, na ukimgeuza anaweza kufa humo humo. Ndiyo maana nilichora msalaba mdogo wa penseli juu ya kila yai, ili upande ule ubaki juu mpaka mwisho.

Mayai ya kwanza yote yalikufa. Nilipoyafungua nilikuta watoto wamekamilika, wamejikunja, na magamba yao yanaonekana. Misalaba mingi ilikuwa chini. Ulikuja ukachungulia begani kwangu, ukasema, "Pole, mwanangu. Mungu ana mipango yake." Niliisikia pole ile kama mtu anayefunga mlango taratibu asisikike.

Jike alipotaga tena, nilianza kukuchunguza. Nililaza unywele wangu mmoja juu ya mfuniko wa bakuli. Asubuhi haukuwepo. Niliweka mwingine, nao ukatoweka. Sikukuuliza. Nilikupikia mtori, nikakutazama ukiunywa, nikawaza: mtu anawezaje kula kwa utulivu namna hii?

Basi kesho yake nikakaa nyuma ya magunia ya pumba. Uliingia kukiwa kumepambazuka, khanga kiunoni, ukiimba pambio kwa sauti ndogo. Ulipasha mikono joto kwenye kandili. Ukageuza mayai ya kuku, moja moja. Kisha ukanyoosha mkono kwenye rafu yangu, ukafungua bakuli, ukaanza na yai la pembeni.

"Mama, unafanya nini?"

Hukushtuka, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

"Nakufanyia kazi yako. Umechora alama halafu hugeuzi. Mayai yanalala upande mmoja kama walevi."

"Alama ni ya kuonyesha yasigeuzwe."

"Nani anachora alama ili asifanye kitu?" Ulichukua yai la kuku ukanionyesha: msalaba upande huu, duara upande ule. Asubuhi msalaba juu, jioni duara. "Hata duara hukuchora. Nikajua mkwe wangu ni mvivu, nikanyamaza. Nisingekusema kwa watu."

Nilikuona una haki, na wakati huo huo sikukuamini. Niliyarudisha mayai taratibu, misalaba juu, bila kujua kama natibu au naharibu zaidi. Wewe ulisimama pembeni ukinong'ona kitu. Kama ilikuwa sala, sikujua unaniombea au unawaombea mabaya nyoka.

Lakini nakumbuka pia siku yalipopasuka. Yai la kwanza lilichanika kidogo, pua ikatokeza, kisha kichwa, halafu basi. Kikatulia pale. Uligeuza ndoo ukaikalia.

"Amechoka. Mvute kidogo."

"Hapana, Mama. Bado anamalizia kiini. Ukimvuta sasa kitovu kinachanika."

"Kifaranga mimi humsaidia."

"Huyu hasaidiwi."

Ukaifunga mikono yako miwili ndani ya khanga, ukaikaza, kama mtu anayemzuia mtoto mtundu. Hukuondoka siku nzima. Chai ulinywea pale pale, nikikushikia kikombe, kwa sababu ulikataa kuitoa mikono. Kesho yake alipoteleza nje na kupita mbele yako ulisema, "Hata salamu hatoi."

"Ni nyoka, Mama."

"Mtoto ni mtoto."

Walitoka karibu wote. Upendo akarudi shule. Wewe uliendelea kuhesabu mayai ya kuku kwa sauti, nami niliendelea kuweka unywele kwenye mfuniko kila jike alipotaga. Hatukuzungumza tena juu ya hilo, ila unywele haukuondolewa tena hata mara moja.

Sasa sikiliza kinachonisumbua. Wewe uliyejua kwamba hata yai la kuku haligeuzwi siku za mwisho, mbona yale ya kwanza uliyageuza mpaka watoto wakakamilika na magamba yao? Kwa mtu anayejua kazi, hilo halifanani na wema. Asubuhi hii nililishika wazo hilo muda mrefu, nikakaribia kukuhukumu.

Halafu nikajiuliza ungejuaje siku za mwisho ni zipi. Ya kuku yanachukua wiki tatu. Ya nyoka yanachukua miezi. Hilo lilikuwa kwenye shajara yangu, na shajara nilikuwa naifungia kabatini, kwa sababu yako. Hukuwahi kuambiwa. Ulikuwa unageuza na kungoja, kama mimi nilivyongoja.

Kwa hiyo bado sijui, Mama. Nikiikumbuka ile pole yako nakushuku. Nikiikumbuka mikono yako ndani ya khanga nashindwa.

Kandili nimeiacha inawaka. Khanga yako ile nimejifunga, na mikono yangu iko ndani. Wewe pumzika kwa amani, huku hakuna anayegusa kitu.

Mkaza mwanao,
Mama Upendo