Ua Juu ya Kila Alama

Mamangu mpenzi,

Ni mwaka wa pili tangu utangulie mbele ya haki, na kila nikikukumbuka hujikuta nacheka.

Unakumbuka viungo vyangu viliponivimba, daktari wa mjini Amu, yaani Lamu, akanianzishia vidonge vya steroidi? Maumivu yalipoa, lakini ikaja njaa isiyo na adabu. Ulinikuta jikoni nakwangua ukoko wa wali, nawe badala ya kunigombeza ukaketi ukala nami. Kesho yake ukabadili chakula cha nyumba nzima: chumvi kidogo, chai bila sukari, maziwa, na dagaa wa kuliwa na miba yao ili mifupa yangu isidhoofike. Baba alinung'unika wiki nzima. Ukamwambia kitambi chake nacho kitashukuru.

Miaka ikapita, uso wangu ukawa mviringo kwa dawa hizo, ngozi ikawa nyembamba. Nikigusa meza tu, mkono unavilia damu. Harusi yangu ilipobakia mwezi, niliacha vidonge kimya kimya. Siku ya tatu sikuweza kuinuka, kichwa kinazunguka, natapika. Ulivikuta vidonge ndani ya foronya, ukatafuta boti, tukatoka kwetu Shela mbio hadi hospitali ya Amu. Daktari alitueleza kwamba mwili uliozoea dawa hii haukatiziwi ghafla. Yeye ndiye angeipunguza, kidogo kidogo. Tukirudi nililia kwamba sitaki kuolewa na uso ule.

“Uso utarudi, mwanangu,” ulisema. “Wewe ukenda, hutarudi.”

Siku ya hina ulimkataza mchoraji, Bi Zuhura, asitie piko, ile rangi nyeusi kali, kwa kuwa ngozi yangu isingeistahimili. Alipoona alama za damu mikononi alisita. Ukamwonyesha kwa kidole: hapa ua, hapa jani. Juu ya kila alama akachora ua. Bibi harusi aliyefuata mtaani akaomba mchoro ule ule, bila kujua ulikoanzia. Tulicheka hata ukajifuta machozi kwa mtandio.

Siku hizi nameza kidonge kidogo kabisa. Juzi mume wangu na mimi tulipanda vilima vya mchanga hadi juu, bila kupumzika. Mwiba ulinikwaruza mguu. Nikaosha, na kidonda kinakauka chenyewe. Zamani kingekaa mwezi. Kule juu, upepo ukinipiga, nilikuita kwa sauti, mume wangu akaitikia kwa niaba yako.

Mola akustareheshe ulivyonistarehesha.

Mwanao wa pekee