Modemu Iachwe Sebuleni

Zubeir na Mwavita,

Nimeenda Nyanza-Lac, nitarudi jioni. Ndagala, wale samaki wadogo, ziko kwenye sufuria. Modemu ~~ikikatika muizime, muiwashe tena~~ hapana, mtu asiiguse kabisa.

Asubuhi dada yenu Latifa alikuwa anahojiwa kwa video na hospitali moja ya Bujumbura, anaomba kazi, intaneti ikakatika mara tatu. Nikazima, nikawasha, nikatingisha nyaya. Mama yenu akasema, "Ni frigo, hiyo friji ya jikoni." Nikamjibu mbele ya Latifa, "Wewe unajua nini mambo ya modemu?"

Kumbe tangu juzi alikuwa anaziangalia zile taa, akaona zinazimika kila frigo inapoanza kunguruma, maana vyote viwili vilikuwa kwenye prizi moja, soketi ile ya ukutani. Akaibeba modemu, akaichomeka sebuleni peke yake. Taa zikatulia. Latifa akamaliza, akatoka mbio: wamemwambia aanze kazi Jumatatu! Akanipita mlangoni, akaenda kumkumbatia mama yake.

Akili ile mimi sina. Mama yenu akirudi sokoni musimwambie kitu. Nilimudharau mbele ya mutoto, na radhi nitamwomba mbele yenu wote.

Baba yenu