Ulirudi kwa Mwajuma

Mama,

Haji amefungwa. Nakuanzia hapo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nshakula. Hukumu imesomwa jana. Mwajuma alikaa upande wangu wa kulia, kaubana mkono wangu mpaka kucha zikaingia nyamani. Haji alipotolewa aligeuka akatutukana tusi nisiloweza kukuandikia. Askari akamsukuma, akajikwaa kizingitini, akaanguka kifudifudi na pingu zake. Mamake akapiga ukelele. Mimi nilifurahi, mama. Niliona damu mdomoni mwa Haji nikafurahi. Aibu ilikuja baadaye.

Nyumba ipo. Karai lako la bajia nimelitundika palepale, na siku zangu za mapumziko nakaanga mimi. Wateja wako wa Mwanakwerekwe wananunua kwa huruma tu, kunde zangu bado zina chenga. "Saga mpaka mkono ukuombe msamaha," ulikuwa ukiniambia. Nasaga, mama. Mkono umeshaomba msamaha na chenga zimo.

Mkopo wenu sikuwahi kuuelewa. Nilikuwa nakuona kila Jumanne unafagia baraza, unatandika mikeka, wenzako wanaingia na pesa wamezifunga kwenye ncha za kanga, na afisa wa mikopo anawasubiri kwenye kiti cha plastiki. Mahakamani ndipo niliposikia ukielezwa toka mwanzo, wakili akiuliza na Bi Subira, jirani yetu, akijibu kwa kuwa yeye ndiye katibu wa kikundi. Kwamba mwanamke asiye na mshahara wala hati ya nyumba, benki haimtazami usoni. Kwamba wale wa mikopo walikukopesheni bila rehani, dhamana ni nyinyi wenyewe, kila mmoja amdhamini mwenzake. Kwamba marejesho ni kila wiki na riba imo humo humo, na mmoja akishindwa wenzake wanamlipia, la sivyo hapati mtu mkopo mwingine.

"Na siku mtu akikosa?" wakili akamuuliza.

"Hatuondoki barazani. Afisa anasema tukae mpaka itimie. Watoto wanalia njaa majumbani, sisi tumekaa."

"Na isipotimia?"

Bi Subira akainama. "Tunakwenda kwake."

Nisiseme kwamba haukuwa na faida. Jiko la gesi ulilipata kwa mkopo ule, na mimi nikasomea kazi ya hoteli. Mwajuma naye alinunua friza, akawa anauza malai ya barafu na maji ya ukwaju kwa watoto wa skuli, uso wake ukaanza kunawiri. Alikuwa mdogo kuliko wote kikundini na wewe ndiye uliyemwingiza. Halafu siku moja kampeleka mtoto kliniki, anarudi, friza haipo. Haji, mumewe, kaiuza, pesa kazimaliza kwenye kubeti. Mwajuma alipouliza alipigwa ngumi ya jicho. Jumanne ile alikuja barazani kajifunika ushungi mpaka puani, nyinyi mkamlipia. Jumanne ya pili hakuja.

Mkamfuata.

Mimi nilikuwa kazini Mbweni, nafua mashuka ya hoteli. Yaliyotokea nimeyasikia mahakamani. Mlango ulivunjwa kwa mateke. Mwajuma alilikumbatia mtungi wa gesi, akakaa nao chini, akasema, "Uacheni huu, nitawapikia nini wanangu?" Bi Subira alimshika nywele akamburura. Mwengine alimkanyaga vidole ili auachie mtungi. Mkachukua godoro, masufuria, pazia la mlango. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama ukutani wanatazama, mdogo kajikojolea.

Niliporudi alasiri niliukuta mtungi usio wetu umekaa jikoni. Wewe ulikuwa kitako kwenye kibao cha mbuzi, hukuni nazi wala husagi kunde, mkono wa kulia umeuweka mapajani kama si wako. Sahani yako ya wali ilikuwa imepoa.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Mkono tu."

Nilidhani umeungua na mafuta.

Ilikuwa imeshaadhiniwa magharibi uliposikia sauti ya Mwajuma. Sote tuliisikia, mtaa mzima. Haji karudi nyumbani, kakuta kuta tupu, anamuuliza mkewe godoro liko wapi, na kila akiuliza anampiga. Jirani mmoja alisema kutoka dirishani, mambo ya mke na mume hayo. Wewe ukainuka, ukaubeba ule mtungi wa gesi kifuani, mama, na uzito wake wote, ukatoka. Nikakufuata mbio.

Tulimkuta anamburura uani, mkono mmoja nywele, mkono mwengine mchi wa kinu. Taya la Mwajuma lilikuwa limekwenda upande, mdomo hauwezi kufunga, damu inatiririka shingoni. Ukautua mtungi, ukaingia baina yao. Sauti yako naisikia mpaka leo, haikutetemeka.

"Haji, vitu vyako nimechukua mimi. Mwache huyo. Mimi hapa."

Akakupiga. Mchi ulikupata juu ya sikio. Ule mlio, mama. Nimesikia nazi zikivunjwa tangu nazaliwa, na sasa kila nazi inayovunjwa nafunga macho. Ulimwangukia Mwajuma, ukamfunika. Akakupiga tena mgongoni na wewe huinuki. Mimi nilimrukia, nikamng'ata bega mpaka meno yakakutana. Akanitupa ukutani. Hapo ndipo watu walipoingia, na wao wakaanza kumpiga kwa mawe, kwa mikongojo, mwengine akaitisha petroli. Sheha wa mtaa wetu alifika miguu peku, akajilaza juu ya Haji akipiga kelele, "Msiue! Jamani, msiue!" Nilimchukia sheha siku ile. Leo namshukuru. Nilitaka Haji afikishwe mbele ya watu na asikie.

Hukufika hospitali. Ulikata roho kwenye gari, kichwa chako miguuni pangu.

Siku ya matanga afisa alikuja. Akatuita mlangoni mimi na Bi Subira, akatupa pole, akasema nisiwe na wasiwasi, deni lako limefutwa kwa sababu lilikuwa na bima ya kifo. Nikamuuliza, "Na la Mwajuma?"

Akasema, "La Mwajuma lipo. Yeye yu hai."

Yu hai! Mwajuma alikuwa amelala chumbani kwako, taya limefungwa kwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija. Bi Subira alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akamtupia afisa, kikampasukia kifuani, kahawa ikamwagikia shati jeupe. Bi Subira akalia pale pale mlangoni, si kama watu wanavyolia matangani, alilia kwa kujipiga makofi usoni, kulia na kushoto, mpaka wanawake walipomshika mikono.

Mwajuma hakuondoka tena. Yeye na wanawe wanalala chumbani kwako. Bi Mize, mamake Haji, alimfuata hapa. "Mwanangu, sema marehemu aliteleza. Haji akifungwa hawa watakula nini?" Mwajuma akageukia ukuta. Usiniulize mimi nilimjibu nini.

Sasa nikwambie la mahakamani, ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mwajuma aliapa kwa msahafu, akaeleza kila kitu kwa ule mdomo wake usiofunguka vizuri. Wakili wa Haji akataka kuonyesha kuwa kikundi chote kilikuwa na ugomvi na Mwajuma. Akamuuliza, "Asubuhi ile, marehemu naye alikugusa?"

Mwajuma akanitazama mimi. Halafu akasema, "Naam. Alinipiga kofi. La nguvu. Nilipokataa kuuachia mtungi. Halafu jioni akarudi."

Mimi nikauona mkono wako mapajani.

Ulimpiga, mama? Mtoto uliyemwingiza mwenyewe, uliyemfundisha kuhesabu faida, na jicho lake tayari limevimba? Ulinificha. Ulinitazama ukaniambia mkono tu. Nilitoka nje bila kuaga. Nilikwenda kwa miguu mpaka Darajani, nikarudi, nikaenda tena, nakutukana kimoyomoyo, na nakulilia, na sijui kipi ni kipi.

Nilipofika nyumbani Mwajuma alikuwa amekaa mlangoni, nguo zake kazifunga furushi.

"Dada Asha, niliapa. Ningesemaje?"

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Basi ingia ndani. Watoto hawajala."

Tulipika samaki wa nazi. Nazi alivunja yeye, mimi nikatoka uani.

Wenzako walilimaliza deni la Mwajuma, kila mmoja kwa alichojaliwa, na afisa alipowaletea fomu za mkopo mpya hawakutia saini. Sasa wanaweka akiba wenyewe, kidogo, na wanagombana kila wiki. Bi Subira alilirudisha godoro, kalibeba kichwani mchana kweupe ili mtaa wote uone. Akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mwajuma akalipokea godoro, akasema, "Godoro nalichukua. Mkono, bado."

Mimi pia kuna mahali nasema bado. Sijui lini nitaacha kukuuliza kwa nini ulimpiga. Lakini nakuahidi: Mwajuma hatatolewa nyumba hii, si na mimi, si na mume nitakayeolewa naye, si na mtu yeyote. Wanawe watakwenda skuli na chuoni kama nilivyokwenda mimi. Na mdogo akikojoa kitandani hatapigwa.

Leo alfajiri niliamka kutia udhu nikasikia mtu ananong'ona chumbani kwako. Mwajuma alikuwa juu ya mswala, anakuombea. Alikutaja kwa jina lako na jina la mamako, pole pole, kwa sababu taya bado linamuuma, na hakuruka neno.

Buriani, mama yangu.

Mwanao, Asha