Mtu Aliyekwisha Kuagwa

Kwa kaka yangu Fintan,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Gráinne na mama. Natumai mguu wa mama unamruhusu kwenda kanisani, na kuwasengenya watu akirudi. Mimi ni mzima, na kama kuna mtu wa kwetu Mayo aliyezaliwa na bahati, basi ni huyu anayekuandikia. Boston imenipokea kama mwanawe. Bosi wa ujenzi hafanyi jambo bila kuniuliza. Viza yenyewe niliipata bila jasho. Yule mama wa ubalozini nusura anipigie saluti.

Juzi kwenye simu ulinieleza kwamba Jumamosi unawapeleka kondoo wote mnadani, kisha wewe na shemeji mnifuate, kwa kuwa nilisema nafasi yako ya kazi ipo. Nikakujibu kwa mbwembwe, nikakata simu, nikakaa chini.

Unaikumbuka sherehe ya kuniaga. Ukumbi wa parokia ulikuwa na nafasi wiki ile tu, basi mkaniaga kabla ya viza kutoka, na hakuna aliyeona ubaya. Mjomba Peadar alipiga fidla mpaka uzi ukakatika. Mama akalia, majirani wakamsaidia kulia, timu yetu ya mpira ikanipa jezi. Mjomba akanishika kola akaniambia, "Malachy, tumekulilia vizuri. Usije ukatuaibisha ukaonekana dukani wiki ijayo."

Nikaenda Dublin, ubalozini. Yule mama nyuma ya kioo aliniuliza kama mkataba ukiisha nitarudi nyumbani. Viza ilikuwa ya msimu mmoja tu. Jibu lake, kwamba nitarudi, hata mtoto angelijua. Lakini wewe unanijua, mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa.

"Nirudi vipi, mama, na wameshaniaga?" nikamwambia. "Wamecheza, wamelia, kitanda changu kina mtu. Kwetu aliyeagwa harudi, watu watadhani ni mzimu."

Kwenye foleni mtu akacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Una hakika na jibu lako?" Nami, kwa kuwa kuna aliyecheka, nikasema sijawahi kuwa na hakika kama leo. Akanirudishia pasipoti chini ya kioo, akasema ombi limekataliwa. Nikajaribu kumweleza kwamba ulikuwa utani. Akamwita anayefuata.

Kituoni basi la Mayo lilikuwa linanguruma. Nikajiona nashuka mbele ya duka na jezi yenu begini, mjomba yuko mlangoni. Nikapanda la Cork, kusini, ambako hakuna anayenijua.

Fintan, usiwauze kondoo. Hakuna bosi, hakuna nafasi yako. Napaka rangi kuta za shule huku Cork, na kabla ya kukupigia huwa nawaza kwanza huko Boston ni asubuhi au jioni, ili nisikosee kukusalimu. Nilikuwa nikijicheka. Lakini wewe na shemeji mngetua kule na mabegi yenu, mkanitafuta mimi katika umati wote ule, na nyuma mmeacha malisho matupu. Hapo sikuweza kucheka tena.

Mjomba mwambie, anicheke atakavyo. Mama mwachie mimi. Nitakuja kumwambia mwenyewe nikipata uso wa kumtazama. Shemeji naye nimsalimie kwa lipi, sijui, mwambie anisamehe.

Yale ya bahati niliyoandika hapo juu sikuyafuta, ili uone ninavyodanganya kirahisi. Ni uongo, kaka. Boston sijawahi kuiona.

Mdogo wako,
Malachy