Sonde ya Mzee Munyemana

Kamembe, Ijumaa jioni

Kwa Yaya wangu Ikirezi, dada yangu mkubwa na masera wa kesho,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, maana nadhani huko noviciat, kwenye nyumba ya watawa, salamu nyingine hazipiti mlangoni. Afya yako inaendelea je? Magoti bado yapo, au yamekwisha kwa sala? Mimi niko, nakula, nalala, na uzuri wangu unazidi tu. Mabinti ba Kamembe banateseka. Masera walipochukua simu yako nilicheka, nikasema sasa huyu atajua taabu. Kumbe taabu ilibaki huku nyumbani. Basi naandika kwa kalamu kama muntu wa zamani, na makosa yangu uyaache hivyo hivyo. Wewe ulimaliza shule, mimi shule ilinimaliza.

Nyumba ipo. Chumba chako nimekifunga ili panya wasijione matajiri. Jioni napika wali, lakini mkono wangu haujajifunza: unapima wa watu wawili. Tangu wazazi wetu walipotuacha tulizoea kugombana, wewe na mimi, kila siku ya Mungu. Sasa najaribu kugombana na redio. Naitukana vizuri kabisa, yenyewe inaendelea na habari zake.

Bon, nikupe habari za kazi. Mvua zilipoanza alikuja garajini Mzee Munyemana wa Mururu, yule aliyekuwa anapandisha mchele kutoka Bugarama. Gari yake ni ya zamani, umri wetu unakaribiana ila sura hapana. Miaka ile fundi mmoja wa Bukavu aliipachika turbo ambayo haikuzaliwa nayo, ili ipande vilima na magunia. Sasa taa ya moteur, ya injini, ilikuwa inawaka, gari inakunywa essence kama mjomba kwenye harusi, inatoa moshi mweusi. Patron wangu, Kamali mwenye garaji, aliizunguka na kuizunguka. Mimi niliinama mara moja tu, nikasema ni sonde.

Nikueleze, maana kwenye Biblia haimo. Sonde ya oxygène ni kitu kidogo kimefungwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kunusa. Inanusa moshi unaotoka, inaambia kompyuta ya gari iongeze essence au ipunguze. Ikifa, moteur inajimwagia essence kama kipofu anayejimiminia chai. Fundi wa Bukavu aliiacha kabla ya turbo, pale moto unapotoka moja kwa moja kwenye moteur, ikaungua.

Kuitoa haikuwa mchezo, kutu ilikuwa imeishika. Niliwasha moteur ili bomba lipate moto, nikaimwagia mafuta, nikaikamata na spana, clé ya 22. Ikalia, ikalia, ikatoka. Nikainua juu, nikapaza sauti uwanja mzima usikie kwamba Mzee, sonde yako ya oxygène imekufa, nimeitoa! Nikangoja sifa zangu.

Mzee alikaa chini kwenye tairi. Akauliza pole pole, sasa itapumua namna gani? Mimi mjinga nikacheka kwa nguvu.

Patron alinivuta nyuma ya lori moja pale, akaniuliza kama kichwani nina ubongo au ugali. Ndiyo akanieleza kwamba mke wa Mzee, Maman Védastine, alilala hospitali na sonde ya oxygène puani, mrija wa kumpa hewa, na siku waliyoitoa ilikuwa ni ya kumfunika shuka. Jina ni moja, Yaya. Ya gari ni sonde ya oxygène, na ya mgonjwa ni sonde ya oxygène. Hicho Kifaransa mlichosoma kilikosa maneno au nini?

Toka siku ile mbele ya Mzee sisemi sonde. Nasema pua. Nilimwambia pua mpya nitaiweka mbali na moto. Nikatoboa bomba baada ya turbo, nikachomelea nati, nikaifunga pale, nikarefusha waya. Taa ikazimika, moshi ukaisha. Patron akasema kazi nzuri, na neno zuri la patron ni kama mvua ya Julai, uliza mtu yeyote.

Lakini Mzee akarudi, taa inawaka. Kufungua capot, kile kifuniko cha moteur, nikakuta ile fiche, yaani kichwa cha waya kinachoingia kwenye sonde, imechomoka. Nikairudisha. Hakuondoka. Tukaongea mpaka mchana, akanieleza joto la Bugarama, na jinsi Maman Védastine alivyokuwa anapanda naye garini na kumtukana kila kona kwamba anaendesha kama muntu aliyekimbia mazishi yake. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, akasema uso wangu unasema uongo, akaninunulia muhogo wa kuchoma kwa mama wa pale barabarani.

Akarudi tena. Fiche imechomoka tena. Sasa sikia. Ile fiche ina meno. Haitoki kwa kutikisika, lazima vidole viwili viibonyeze. Niliangalia vidole vya Mzee, vimeshika masizi. Yeye aliangalia upande wa ziwa, utasema ndiyo mara ya kwanza analiona. Nikamwambia ni juu ya barabara mbaya, ndiyo inaichomoa. Akakubali kwa haraka, akasema barabara imeharibika kabisa. Na ni lami, Yaya, tena laini!

Patron hakucheka. Alisema batu banasema gari ya Munyemana imehamia garajini kwake, banauliza hawa mafundi banafundishwa wapi. Akaniambia mbele ya wote, na Mzee yupo, kwamba taa ile ikiwaka tena nikusanye vitu vyangu nikatafute pengine pa kujisifia. Na wewe unajua, muntu aliyeacha shule kama mimi, Kamembe hii garaji gani itanipokea na mdomo wangu huu?

Basi taa haikuwaka tena. Mzee aliacha kuja. Nadhani alifanya hivyo juu yangu, nisifukuzwe. Nilitengeneza magari mengine, ya maboss, ya masera hata. Wenyewe wanachukua funguo, wanaenda. Hakuna aliyeniambia uso wangu unasema uongo. Jioni narudi kwa redio.

Sasa funga mlango wa chumba chako, maana hii hata padri hajaisikia. Siku moja Mzee alikuja kubadilisha mafuta ya moteur tu. Mambo mafupi. Alipokuwa anaagana na patron, mkono wangu uliingia chini ya capot, vidole viwili, tak! Nilichomoa fiche mimi mwenyewe. Nilijua patron ameapa. Nilijua, Yaya, na nilichomoa. Niliwaza tu kwamba kesho atarudi.

Alirudi kwa kuvutwa na kamba. Gari ilimkoholea kwenye mlima wa Giheke, moshi mweusi, vijana wakamsukuma kando. Mzee wa miaka ile, amesimama juani. Safari hii patron alifungua capot kwa mkono wake, akaona fiche inaning'inia, akauliza nani. Mzee aliangalia fiche, akaangalia vidole vyake, halafu akaniangalia mimi. Alijua si yeye. Na mimi, mwenye maneno Rusizi nzima, nikaanza kufuta clé iliyokuwa safi tayari.

Mzee akanitangulia. Akamwambia Kamali ni yeye, mikono ya wazee haitulii, na mara zile za kwanza aliichomoa yeye pia. Patron alicheka mpaka akashika tumbo, akaniambia nirudi kazini. Nilipokuwa narudisha fiche, Mzee aliinama karibu, akasema Jumapili baada ya misa kuna sombe na sambaza kwake, majani ya muhogo na samaki wadogo wa ziwa, nije. Akaongeza kwamba gari itakuwa nzima.

Jumapili ni keshokutwa. Mimi kwa batu naendaga wakiniita kitu kimekufa. Naingia, nainama, nachafuka, nasifiwa, natoka. Kwenda kwa muntu ambaye hakuna chake kimeharibika, nikae kwenye kiti, nimwangalie machoni, hiyo sijui inaanzia wapi. Nimwombe msamaha kabla ya kula au baada? Barua hii ikifika kwako nitakuwa nimeshakula au nimeshakimbia, kwa hiyo shauri lako litachelewa. Niombee tu nikifika pale nipite gari bila kuigusa, nibishe mlango.

Wasalimie masera wote, hasa wale vijana, uwaambie una mdogo wako. Usikonde. Usipokee nadhiri zote siku moja, uniachie dada kidogo.

Ni mimi wako, fundi wa pua, msafi wa moyo kuanzia keshokutwa,

Hirwa