Mama Karim, Nimemwona Danfe

Weston, Toronto
Juni 1997

Mama Karim,

Nimemwona. Nimeketi jikoni, miguu ingali na malengelenge, na sikutaka kumwambia mtu mwingine kabla yako.

Tangu ulipotutoka wakati wa baridi, Karim amehamisha vitu vyako, na kwenye mlango unaotazamana na wangu sasa kuna familia kutoka Burundi. Darubini alinikabidhi mimi. "Mama alisisitiza, hii ni ya Stazia." Nililia kwenye lifti kama mtoto. Nani mwingine angemchukua mtunza wazee kama mimi, aliyejua kunguru na kuku tu, akamsimamisha kando ya Mto Humber kila Jumapili mpaka akaweza kumtaja ndege kwa kusikia mlio wake?

Basi nikaenda Nepali na kikundi chako cha watazamaji ndege. Siku za kwanza tulipanda katikati ya mianzi, vindege vikipiga kelele bila kuonekana. Juu zaidi miti ikawa mifupi, imejaa maua mekundu, halafu ikakoma. Yakabaki majani, mawe, na theluji mabondeni. Siku ya tisa, asubuhi, nikakaa chini kama ulivyonifundisha: "Usimfukuze ndege, mwanangu. Kaa, mpaka akusahau."

Akatokea danfe dume, kwale wa milimani mwenye umbo la jogoo aliyenona, anafukua theluji kwa mdomo akitafuta mizizi. Jua lilipompata, Mama, shingo ikawa shaba, mabawa zambarau, kichwa kijani kinachometameta. Akapiga mluzi, akajitupa bondeni. Nilisahau kupumua, na kule pumzi yenyewe ni ya kutafuta.

Jambo kubwa zaidi lilikuja jioni. Kiongozi wetu Pemba, mtu mzima mwenye mvi, aliutambua mkanda wa darubini, ule ulioushona kwa kitenge. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Yule mama mwalimu yuko wapi?"

Nikamwambia. Naye akanisimulia. Kwamba ulipokwenda wewe, mpagazi mmoja alizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, ule wa hewa haba ya juu, ikiwa imebaki siku moja tu kufika kwa danfe. Wenzako wakataka ateremshwe na wapagazi wenzake, safari iendelee. Wewe ukasema, "Huyu ameugua kwa kubeba mizigo yetu," ukageuka naye. Siku mbili mlitembea, ukimshika mkono na kumsemesha asije akaketi njiani.

"Yule alikuwa ndugu yangu," Pemba akasema. "Sasa ana watoto wanne."

Mama! Miaka yote nilipokuuliza, ulijibu tu, "Safari ile sikumwona danfe," ukaendelea kumimina chai. Nami nikadhani ulikosa bahati. Nimempigia Karim simu. Hata yeye hakujua. Akacheka huku analia. "Huyo ndiye Mama," akasema.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Kikundi kimeniomba mwakani niwaongoze wageni, nami nimekubali. Nakuahidi hivi: mmoja wao akishindwa njiani, hata kama tumebakiza kilima kimoja, mimi ndiye nitakayegeuka naye.

Stazia wako